Mwenye Shimo na Jirani Yake

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, baada ya Amri Kumi, imo sheria fupi ambayo wasomaji wengi huipita upesi. Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba mtu akichimba shimo na kuliacha wazi, kisha ng'ombe au punda wa mwenziwe akatumbukia humo, mwenye shimo hana budi kulipa. Tuitazame vizuri sheria hiyo. Haiulizi kama mwenye shimo alimchukia jirani yake. Haiulizi kama alikusudia mabaya. Yauliza jambo moja tu: shimo hili ni la nani?

Twapenda kuisoma sheria hiyo leo pamoja na wasomaji wetu wa Magomeni na mitaa iliyo jirani, kwa maana katika mji wetu mashimo ni ya namna mbili, nayo mara nyingi yamekaribiana. Shimo la kwanza ni kisima. Shimo la pili ni lile ambamo tangi la petroli au la dizeli limefukiwa.

Habari ya visima yajulikana na wote. Mji wa Dar es Salaam hunyweshwa zaidi na mto Ruvu, kwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto ukipungua, mji mzima waona kiu. Ndivyo ilivyokuwa katika ukame wa mwaka 1997, na baada yake visima vingi vikachimbwa mjini. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2022, wakati DAWASA ilipotangaza mgawo wa maji. Katika siku za namna hiyo aliye na kisima uani mwake ndiye tegemeo la mtaa. Watoto hupanga madumu mlangoni pake, na wenye mikokoteni huja kujaza maji alfajiri. Hapo hapaulizwi Mkristo ni yupi na Mwislamu ni yupi. Kiu haina dini, na ndoo zote hushuka katika kisima kimoja.

Matangi nayo hayahesabiki kwa urahisi. Yako ya vituo vya petroli kandokando ya Barabara ya Morogoro, yako ya jenereta za hoteli na maduka makubwa, na yako mapipa ya gereji zilizo uchochoroni. Tangi la chuma lililofukiwa huliwa na kutu polepole. Maungo ya mabomba hulegea. Lori linaposhusha mafuta, kiasi fulani chaweza kumwagika kikanywewa na mchanga. Jambo hilo halina moshi wala kishindo, na aliyelala nyumba ya pili hana habari.

Petroli iliyovuja huteremka mpaka ikutane na maji yaliyo chini ya ardhi. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, nyingi yake huelea juu yake. Lakini sehemu yake huyeyuka ndani ya maji, na kusafiri pamoja nayo polepole kuelekea upande yanakokwenda. Iliyo mbaya zaidi katika sehemu hiyo huitwa benzini, ambayo waganga wamehakikisha kwamba huleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka kwamba benzini katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu moja tu katika madumu 5,000 ya lita ishirini. Pua ya binadamu haiwezi kuitambua benzini kwa kiasi kidogo hivyo. Basi maji yanayonuka petroli yasinywewe hata kidogo. Lakini maji yasiyonuka, yakiwa karibu na tangi linalovuja, hayajapata bado hati ya usalama.

Wengine husema, "Tutayachemsha," au, "Tutayatia dawa." Dawa ya klorini huua vijidudu vya kipindupindu, nasi twaisifu kwa kazi hiyo, lakini haiondoi petroli. Kuchemsha nako hufukuza sehemu ya mafuta kutoka katika sufuria na kuipeleka hewani, ndani ya chumba kilekile alimolala mtoto. Mazoea mema tuliyofundishwa juu ya ugonjwa mmoja yasitudanganye juu ya sumu nyingine.

Asidhani mtu kwamba twazungumza juu ya hofu tupu. Huko Kenya, katika kaunti ya Makueni, bomba kuu lililopeleka mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, mali ya Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya, lilivuja karibu na Thange. Habari hiyo ilijulikana mwezi wa Mei mwaka 2015. Wakazi wa bonde lile ni wakulima wadogo, ambao mto Thange na visima vyake ndivyo vilivyowanywesha wao, mifugo yao na bustani zao. Mafuta yakaingia katika udongo na katika maji. Mashamba yakaharibika, na watu wakawa wanangojea maji ya kuletwa kwa magari. Kesi yao ilipelekwa mahakamani, na hukumu ya kuwapa fidia ya mabilioni ya shilingi za Kenya ilitolewa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni mwezi wa Julai 2025. Hesabu iko wazi: ni miaka kumi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa mafuta alikuwa amekwisha kuingia shule na kupanda madarasa, na wazee wake wangali wanakwenda na kurudi mahakamani.

Mwezi uleule wa Mei 2015, tarehe 24, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitia sahihi barua yake Laudato Si', ambamo anafundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya kila mwanadamu, kwa kuwa bila maji hakuna uhai, na bila uhai haki nyingine zote hazina mahali pa kusimama. Barua ilikuwa ikiandikwa Roma, na jambo lenyewe lilikuwa likitendeka Thange. Mafundisho ya Kanisa juu ya maji, basi, yahusu ndoo ambayo mama ataiteka kesho asubuhi.

Je, habari ya Thange yatufundisha nini sisi wa Magomeni? Yatufundisha kwamba saa ya haki ni saa ya kwanza. Fidia ya mwaka wa kumi ni njema, nayo ni halali ya watu. Lakini haiwezi kuyatoa matumboni maji yaliyokwisha kunyweka. Kinachookoa maisha ni uchunguzi wa mapema, na uchunguzi wa mapema hauwezekani ila mwenye shimo awe wa kwanza kusema. Kwa maana ni nani ajuaye kilichomo ndani ya tangi? Si mama mwenye ndoo. Ni mwenye tangi, aliye na daftari. Akipima mafuta kila siku kwa ufito wake, na kulinganisha kipimo hicho na mafuta aliyopokea na aliyouza, ataona kama kuna kiasi kinachopotea bila maelezo. Upungufu huo ukirudia siku kwa siku, huo ni ujumbe. Ama kuna mwizi, ama kuna tundu. Mfanyabiashara mwenye busara humtafuta mwizi usiku uleule. Mfanyabiashara mwenye hofu ya Mungu hutafuta na tundu vilevile.

Huenda atajibu, "Wathibitishe kwanza kwamba mafuta ni yangu." Neno hilo laweza kuwa zuri mbele ya wakili, lakini mbele ya Mungu wa Kitabu cha Kutoka ni neno dhaifu. Nchi yetu nayo imekubali jambo hilohilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yampa kila mkazi wa Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na yashika kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipaye. Musa na Bunge wamekutana hapa njiani, nasi twafurahi.

Lakini yatupasa kuwa wa haki kwa pande zote. Mwenye tangi si peke yake aliye na shimo. Mwenye kisima naye ana lake. Ikiwa anauza maji kwa dumu, na siku moja akasikia harufu ngeni, shetani atamnong'oneza kwamba akisema atapoteza wateja, na kwamba harufu itaondoka yenyewe. Ndugu huyo hakuyamwaga mafuta. Hata hivyo, tangu saa aliponusa, shimo limekuwa lake pia. Kuuza maji unayoyatilia shaka ni kuiacha ng'ombe wa jirani itembee gizani karibu na shimo ulilolijua. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Na hapa kifo hakimuumbui mwenye kuficha peke yake, bali na watoto wa wanunuzi wake.

Fundi wa gereji naye ajiulize. Mafuta machafu ya injini anayoyamimina mtaroni kila jioni yanakwenda wapi, kama siyo kwenye udongo uleule na katika bonde la Msimbazi? Ni rahisi kukinyoshea kidole kituo kikubwa chenye taa, na kuusahau mkono wetu wenyewe uliolowa mafuta.

Iko pia dhambi ya upande wa pili. Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Mtu akinusa petroli kisimani, asikimbilie kulitaja jina la fulani sokoni, wala asikusanye vijana kwenda kumfanyia fujo. Huenda mafuta yametoka kwa huyo, au kwa jirani wa upande wa pili, au katika tangi lililofukiwa zamani na kusahauliwa. Ardhi haiandiki majina juu ya maji. Ndiyo sababu uchunguzi ni tendo la haki kwa wote wawili: humlinda anywaye asidhurike, na humlinda asiye na kosa asisingiziwe.

Basi, yafaa kufanywa nini? Kwanza, kisima chenye harufu kifungwe siku hiyohiyo, na moto wala sigara visisogezwe karibu nacho, kwa sababu mvuke wa petroli hushika moto upesi. Pili, habari ipelekwe kwa serikali ya mtaa na kwa bwana afya, ili ifike kwa Baraza la Mazingira, yaani NEMC, kwa EWURA inayotoa leseni za vituo vya mafuta, na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Iandikwe kwa barua, na nakala iwekwe, kwa kuwa neno la mdomo hupotea ofisini. Tatu, maji yapimwe na wenye ujuzi. Sampuli huchukuliwa katika chupa safi ya kioo iliyojazwa hadi juu pasipo kuachwa hewa, ikatunzwa penye baridi, ikafikishwa maabara haraka. Chupa iliyojazwa nusu na kukaa juani hupoteza mvuke wake, na yaweza kusema uongo kwamba maji ni mazima. Visima vya jirani navyo vipimwe, ili ijulikane mafuta yanatoka upande gani.

Nne, na hili ni letu sisi Wakristo, asiachwe mtu akae na kiu kwa sababu amesema kweli. Twajua swali la maskini: "Mkikifunga kisima, tutakunywa nini?" Swali hilo ni la haki, na asiyekuwa na jibu asimlaumu anayeteka gizani. Jumuiya Ndogo Ndogo zisaidiane kupata maji mengine siku za kungojea majibu. Mwenye bomba linalotoka amfungulie asiye nalo, wala asipandishe bei kwa msiba wa jirani. Na wale waliopewa kazi ya kukagua, wakumbuke kwamba bahasha wanayopewa ili wasione, ndani yake mna maji ya watoto.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, aliwakemea kondoo wanene waliokwisha kunywa maji safi, kisha wakayavuruga yaliyosalia kwa miguu yao, na kondoo wengine wakalazimika kunywa matope. Hakusema kwamba kunywa ni dhambi. Dhambi ilikuwa kunywa bila kumtazama ajaye nyuma. Mafuta twayahitaji, mabasi yetu, majenereta yetu na malori yaletayo vyakula Kariakoo yote huyanywa. Kituo cha petroli si adui wa mtaa. Lakini kila anayepata riziki yake kwa kitu chenye hatari amepewa na Mungu deni la kukiangalia kuliko mtu mwingine yeyote.

Bwana wetu aliahidi kwamba hata kikombe cha maji baridi alichopewa mmoja wa wadogo hakitakosa thawabu. Siku ya hukumu atasema kwamba alikuwa na kiu, na wengine walimpa kinywaji. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba kikombe tumpacho ni cha uzima. Juma hili, basi, kila mwenye tangi na achukue ufito wake na daftari lake. Kila mwenye kisima na ainame ayanuse maji yake kwa moyo mnyofu. Na atakayeona kasoro aseme kabla hajaulizwa. Mwenyezi Mungu, aliyewatolea watu wake maji katika mwamba, atujalie ujasiri huo.