Aliyeyajua Makosa ya Tsar

Mlola palikuwa na mwenyekiti wa kamati ya mfereji aliyependa vitabu vya historia, hasa vya watawala wa Urusi. Jioni aliwasimulia vijana barazani jinsi Alexander II alivyowaachia huru watwana mwaka 1861, jinsi Nicholas II alivyong'olewa kitini mwaka 1917, na jinsi alivyouawa mwaka uliofuata pamoja na mkewe na watoto wao watano. Tarehe zote alizijua kwa kichwa.

Maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu. Chini ya uongozi wake zamu za ndugu zake zilirefuka, za wajane wa bondeni zikafupika, na kabichi zao zikanyauka. Siku moja wanawake walipanda hadi kwake, bibi mmoja mkongwe akiwa mbele. Walimkuta na kitabu mkononi. Hakuwakaribisha kukaa.

"Mjukuu wangu," bibi alisema, "nasikia wawajua wafalme wa Urusi. Watu walipomwendea yule wa mwisho kumlilia shida, walipata nini?"

Swali lilimfurahisha. Akaeleza kwamba Januari 1905, katika mji wa Saint Petersburg, wafanyakazi pamoja na wake na watoto waliandamana kwenda jumba la Tsar, yaani mfalme huyo, wakiongozwa na kasisi Gapon. Walibeba picha za watakatifu na barua ya maombi. Tsar hakuwapo, na askari wakawapiga risasi. Tangu siku hiyo wengi hawakumwita tena baba.

"Basi nasi tumekuja na ombi letu," bibi akasema.

Mwenyekiti akafunga kitabu. Akajibu kwamba zamu zimeshapangwa.

"Lakini Urusi ni mbali, mjukuu wangu. Waulize wazee habari za Vuga." Wakashuka.

Angeuliza, angeambiwa. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa aliyekaa Vuga, alipofariki mwaka 1862, Shekulwavu alirithi kiti cha Vuga, na Semboja wa Mazinde akakitaka. Wakilindi, ukoo huo wa watawala, walipigana wao kwa wao, wakawakamata raia na kuwauza utumwani ili wapate bunduki na baruti. Hatimaye Wabondei waliinuka katika maasi yaliyoitwa Kiva, wakawatimua watawala wao. Washambaa husema mtawala ama huizifya shi, yaani huiponya nchi, ama huibana shi, huiharibu. Mambo hayo yamo katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, kilichoandikwa kwa Kiswahili. Mwenyekiti hakuwahi kukifungua.

Vuli ilipofika, mvua ilibomoa ukingo wa mfereji. Mwenyekiti akaita msaragambo, kazi ya pamoja. Asubuhi alisimama na jembe lake, akangoja hadi jua likapanda. Hakuna aliyekuja, hata ndugu zake. Mfereji ukajaa udongo, na kiangazi kilichofuata shamba lake nalo likakauka.

Ndugu msomaji, soma habari za Tsar, usome na za Vuga. Lakini kwa kila ukurasa ujiulize: ni nani leo amesimama mlangoni pangu na ombi mkononi, nami nimempa jibu gani? Anayesoma makosa ya wafalme kama mambo ya watu wengine atayarudia hata kwenye mfereji mdogo.