Sitaki Kuwa Mzigo

Mama aliacha kunywa chai ya jioni mwezi wa pili tangu avunjike nyonga. Tulidhani ni hamu tu iliyopotea, kama inavyowatokea wagonjwa wanaolala sana. Nikawa nabadilisha viungo: leo tangawizi, kesho mchaichai. Alipokea kikombe, akashukuru, akakiweka kwenye stuli, na asubuhi nikakikuta kimejaa, kimefanya utando juu. Siku moja binti yangu, anayelala naye chumba kimoja, akaniambia: "Bibi kasema nisimpe hata maji baada ya magharibi. Anasema akinywa atakuamsha."

Kumpeleka mama chooni usiku kulihitaji watu wawili. Mmoja anamshika kwapani, mwingine anasogeza fremu ya kutembelea na kuwasha taa. Kwa hiyo alikuwa ameamua kukaa na kiu ili mimi nilale. Nilipohesabu siku nyuma nilijua alianza lini. Alianza kesho yake baada ya sentensi moja niliyoisema jikoni.

Mama hakuanguka kutoka mtini wala ngazini. Aliteleza uani, asubuhi, na ndoo ndogo mkononi. Daktari alituonyesha picha ya eksirei akasema mtu anayeanguka kutoka kimo chake mwenyewe na kuvunjika nyonga, mara nyingi mfupa wake ulikwisha kudhoofika zamani. Akamuuliza hedhi yake ilikoma akiwa na umri gani. Mama, mwenye miaka 77, aliona haya kujibu mbele yangu. Akatazama ukuta, akasema, "Kabla huyu hajaolewa."

Mimi nina miaka 48. Hedhi yangu imeanza kuruka miezi, na usiku joto linanipanda ghafla natupa shuka. Siku ile nilisikiliza maelezo ya daktari kama mtu anayesomewa barua iliyoandikwa kwa jina lake. Tukirudi nyumbani niliomba dereva wa bajaji asimame kwenye duka la dawa, nikanunua chupa ya vidonge vya kalsiamu. Ni vidonge vikubwa, na ladha yake ni ya chaki, ladha ambayo mwalimu wa miaka mingi kama mimi anaijua bila kuilamba.

Jioni binti yangu akaniuliza ni vya nini. Nikamjibu nikiwa na kidonge mkononi: "Ili nisije nikawa mzigo kwako. Sitaki uje unibebe kama ninavyombeba bibi yako." Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi.

Tangu nilipoelewa habari ya chai nimekuwa nikijiuliza nilikosea wapi. Sentensi ile husemwa na wanawake wote ninaowajua. Tunaiomba hata katika dua: Mungu asinilaze kitandani, anichukue na nguvu zangu. Nani ataona ubaya kumtakia mwanawe mgongo uliopumzika? Na kama ipo njia ya kujilinda, je, si wajibu wetu kuifuata?

Nianze na kidonge, kwa sababu nilikipa kazi kubwa kabla sijajua kinaweza nini.

Karibu kalsiamu yote ya mwili, asilimia 99, imo katika mifupa na meno. Nilikuwa nadhani mfupa ni kama nguzo ya mkoko, ukishasimamishwa umesimama. Kumbe kila siku kuna chembe zinazoubomoa na chembe zinazoujenga upya. Ujanani wajenzi huwashinda wabomoaji, na kufikia miaka 30 hivi mfupa umefika kilele chake. Homoni ya estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji wasipite kiasi. Hedhi inapoelekea kukoma homoni hiyo hushuka, na kwa miaka kadhaa mfupa hupungua kwa kasi, bila maumivu na bila dalili. Hivyo mama alipokuwa ananifunga kanga siku ya harusi yangu, nyonga yake ilikuwa tayari inapungua.

Je, kidonge kinazuia hilo? Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani. Wanawake zaidi ya 36,000, wa miaka 50 hadi 79, waligawanywa: wengine walipewa kila siku miligramu 1,000 za kalsiamu pamoja na vitamini D, wengine vidonge visivyo na kitu. Walifuatiliwa kwa wastani wa miaka saba. Mifupa ya nyonga ya waliopewa kalsiamu ilikuwa imara kidogo zaidi, lakini kwa jumla haikuthibitika kwamba walivunjika nyonga mara chache kuliko wenzao. Na waliopata mawe kwenye figo waliongezeka kwa asilimia 17. Ni kweli kwamba wengi wao walikuwa tayari wanapata kalsiamu ya kutosha katika chakula, na kwamba waliomeza bila kuruka walionekana kufaidika zaidi. Lakini hakuna aliyetoka pale na hati ya kutovunjika.

Nilipomrudia daktari hakuniambia nitupe chupa. Aliniuliza ninakula nini. Tukahesabu pamoja: mwanamke wa umri wangu anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, na akishapita 50, kama 1,200. Kikombe cha maziwa au mtindi kina kama 300. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao wana kalsiamu nyingi. Mchicha nao unayo, ila ndani yake mna kitu kinachoishikilia hivyo mwili hauchukui sehemu kubwa. Akasema kidonge ni cha kujazia pale chakula kinapopungua, kisizidi miligramu 500 kwa mara moja, na aina niliyonunua imezwe pamoja na chakula. Kisha akaniambia nitembee, nipande ngazi, niinue vitu vyenye uzito, kwa sababu mfupa hujengeka ukitumikishwa. Na kwa mama, ambaye keshavunjika, kalsiamu peke yake haitoshi; alimwandikia dawa nyingine ya kuimarisha mifupa.

Basi kidonge ni kitu chema na kidogo. Mimi nilikuwa nimekifanya kiapo. Nilikuwa nakimeza ili niseme: mimi sitaanguka, na kwa hiyo mimi si kama yule aliyelala chumba kile. Hapo nadhani ndipo kosa lilipoingia. Kujitunza kukishageuka njia ya kujitenga na walioanguka, kila mgonjwa anakuwa mtu ambaye hakujitunza. Na kweli, wazo hilo lilinipitia. Nilijiuliza kwa nini mama hakunywa maziwa. Nililijua jibu: maziwa yalikuwa machache, na waliokunywa ni sisi watoto saba.

Jibu hilo likanipa faraja ya haraka. Nikasema: alitupa mifupa yake, sasa tunamlipa. Dawa ya deni ni kulipa. Ningeweza kumwingilia chumbani nikamwambia hivyo, naye angekunywa chai yake kama mdai anayepokea haki. Nikaenda kusoma zaidi nikitafuta ushahidi wa deni langu.

Niliukuta nusu. Mtoto anapozaliwa ana kama gramu 30 za kalsiamu, na zote zimetoka kwa mama yake. Anaponyonyesha, mama hupoteza kiasi cha asilimia 3 hadi 5 ya mfupa wake. Lakini wakati wa mimba utumbo wa mama hunyonya kalsiamu karibu maradufu ya kawaida, na mtoto akishaachishwa ziwa mfupa hurudi, kwa kawaida ndani ya miezi michache. Wanawake waliozaa na kunyonyesha wengi kwa jumla hawaonekani kuvunjika zaidi ya wengine. Mwili wa mama ulitukopesha, ukajirudishia wenyewe, haukuandika popote. Hatukumvunja nyonga sisi saba. Ni umri, na estrojeni iliyoondoka, na uani palipolowa.

Kwa muda nilibaki sina cha kushika. Kama hakuna deni, namwamkia saa nane za usiku kwa nini? Na yule shangazi yangu ambaye hakuzaa, hamdai mtu, je, akianguka alale na kiu?

Nikarudi kwenye neno lenyewe. Mzigo ni kitu unachotamani ukitue. Mtoto mgongoni naye anachosha, kuanzia mabegani hadi kiunoni, lakini hatumwiti mzigo. Tunasema nimembeba mtoto. Hata hivyo sitaki kudanganya kwamba kumbeba mama hakuna uzito. Kuna uzito. Mgongo wangu unauma, na darasani nimewahi kusinzia nikiwa nimesimama. Kaka zangu watatu wanatuma pesa, tena na ya kutolea, kisha wanasema kwenye simu, "Pole dada, Mungu atakulipa." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Methali hiyo ndiyo iliyonifungua. Kinacholemea ni ile kazi: kuinua, kuogesha, kuamka. Kazi inaweza kugawanywa, na mtu hawezi. Mimi nilipoichanganya kazi na mama, kila uchovu wangu ukawa na sura yake, naye akaamua kujipunguza, kikombe baada ya kikombe. Kama ningesema jikoni, "Kazi hii imenishinda peke yangu," ningekuwa nimesema kweli, na mama asingelala na kiu.

Niliwapigia kaka zangu, nikawaambia sitaki ya kutolea, nataka zamu. Mmoja alikuja wiki moja. Usiku wa kwanza alimwinua mama mara mbili, na asubuhi alikunywa uji amesimama kwa sababu kiuno kilikataa kukaa. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Tulinunua pia poti ya kuweka kando ya kitanda, kitu cha bei ndogo ambacho tungekinunua siku ya kwanza kama tungekuwa tumeuliza kazi ni ipi.

Kisha nilikaa kitandani kwake nikasema, "Mama, siku ile jikoni nilisema neno baya."

"Neno gani?" akauliza, ingawa alilijua.

"La mzigo."

Akanyamaza kidogo. "Si baya. Hata mimi niliomba hivyo hivyo nilipokuwa namwogesha bibi yako. Nilisema, Mungu asinifikishe huku. Na umeona, kanifikisha." Akavuta shuka, akalinyoosha magotini. "Ila bibi yako alikuwa anakunywa chai. Vikombe viwili kila jioni. Nami nilikuwa naamka."

"Nikuletee?"

"Lete. Ya tangawizi."

Kidonge bado nakimeza, siku ambazo sikupata maziwa wala dagaa, pamoja na chakula. Natembea hadi shuleni badala ya kupanda bajaji. Nafanya hivyo kwa sababu kazi ya kunibeba, kama itakuja, ni bora ichelewe na iwe nyepesi. Lakini nimemfundisha binti yangu pia namna ya kumwinua mtu: ukunje magoti, mgongo ubaki wima, umwambie kabla hujamshika. Alijifunzia kwangu. Nilimwachia mwili wangu wote, naye akaniinua.