Ndugu amebomokewa nyumba: tumufungulie ao tumuache?

Hadisi ya nguruwe watatu si ya kwetu. Ni ya Uingereza. Joseph Jacobs aliitia katika kitabu chake cha mwaka 1890. Lakini ulizo lililo ndani yake ni letu pia.

Katika hadisi ile ya zamani hakuna huruma. Mwenye nyumba ya majani anakuliwa na imbwa wa pori. Wa pili vilevile. Wa tatu tu, mwenye nyumba ya matofali, njo anapona, na mwisho anapika yule imbwa na kumula. Fundisho: mwenye uvivu anakufa, basi.

Mwaka 1933, huko Marekani, Walt Disney alitoa hadisi hii katika filme fupi ya picha za kuchorwa, yenye rangi, dakika kama nane hivi. Burt Gillett njo aliiongoza, na ilipata zawadi ya Oscar. Ile ilikuwa miaka ya shida kubwa: viwanda vilifungwa, watu wengi walipoteza kazi na nyumba. Wengi waliona katika yule imbwa sura ya njaa yao. Na mu filme hii hakuna nguruwe anayekuliwa. Nyumba zikianguka, wale wawili wanakimbilia kwa ndugu yao.

Je, Disney aliharibu hadisi? Mutu anaweza kusema: ukimufungulia muvivu, unamufundisha uvivu. Neno hilo lina uzito, tusilicheke. Lakini tuangalie vizuri. Wale wawili walikuwa wamemuchekelea ndugu yao alipokuwa akijenga. Hata hivyo alifungua kwanza. Kisha, hatari ilipopita, akagonga piano kwa kidole kama vile mutu anayepiga hodi, nao wakaruka chini ya kitanda kwa woga. Fundisho lilikuja, lakini lilikuja kisha mulango kufunguliwa. Mutu aliyekwisha kuliwa hajifunzi kitu.

Lakini filme hii ina doa. Ili adanganye wenye nyumba, imbwa alivaa sura ya muchuuzi Muyahudi, jinsi watu wenye zarau walivyowachora Wayahudi. Na ni mwaka ule ule Hitler alishika utawala kule Ujerumani. Picha hiyo ilibadilishwa mwaka 1948. Ni vema, lakini ilikawia. Mulango uliofunguka kwa ndugu ulifungwa kwa mugeni, tena mugeni akavalishwa ngozi ya imbwa.

Basi, sisi tunaosimulia watoto mangaribi, tuko na ruhusa ya kubadilisha hadisi? Ndiyo, wazee nao walibadilisha. Lakini kila mara tujiulize: mabadiliko haya yanamufungulia nani mulango, na yanamufungia nani? Mutoto akisahau maneno yote, jibu la ulizo hilo litabaki mu moyo wake.