Dawa ya Maumivu: Mtumishi au Bwana?



Katika nchi yetu ya Ituri wengi huvunjika mifupa: huyu ameanguka na pikipiki katika njia ya Bunia, yule ameangukiwa na mti, mwingine amepigwa risasi. Hospitalini mfupa hunyoshwa na kufungwa, na mgonjwa aweza kupewa dawa kali, kama vile morfini au tramadoli. Ndipo watu huuliza: Je, ni halali Mkristo kuyakimbia maumivu?

Ni halali. Tarehe 24 Februari 1957 Baba Mtakatifu Pio XII aliwajibu waganga waliomwuliza neno hilo. Alifundisha ya kuwa Mkristo halazimiki kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe, na ya kuwa aweza kutulizwa kwa dawa ikiwapo sababu ya haki. Basi, anayevumilia kwa mapendo ya Mungu asimhukumu jirani anayelia.

Lakini fahamuni tabia ya dawa hizo. Kwa kawaida maumivu makali hupungua baada ya siku chache, ijapokuwa mfupa wenyewe wahitaji majuma, hata miezi, kuunga. Anayeendelea kumeza kila siku, mwili wake huizoea dawa na kutaka zaidi. Akiikosa, hutoka jasho, hukosa usingizi, na viungo vyote humwuma. Hudhani mfupa haujapona, kumbe ni dawa inayomdai. Tena, ikichanganywa na pombe yaweza kuzuia pumzi na kuua.

Je, mtu huyo ana dhambi? Tupambanue. Aliyemeza kama alivyoagizwa, kisha akajikuta amefungwa, ni mgonjwa, wala si mlevi. Anayeitafuta bila ugonjwa ili apoteze fahamu, naye ajua hatari yake, huidharau akili aliyopewa na Mungu. Na anayemwuzia kwa ajili ya faida, huyo hubeba hatia kubwa zaidi.

Basi, aliyefungwa afanye nini? Asiiache kwa ghafula peke yake, bali arudi kwa mganga, apunguziwe kidogo kidogo. Asione haya kusema kweli. Nanyi majirani msimcheke, wala msimpe vidonge vilivyobaki nyumbani kwenu. Mteekeeni maji, mkae naye usiku.

Mkongojo ni mwema mguu ukiwa umevunjika. Mguu ukipona, huwekwa kando. Na aliyeshindwa kuuweka peke yake, ashikwe mkono.