Amri ya Mdogo kwa Mkubwa

Je, mtu anayelainisha onyo kwa sababu ya heshima ana hatia kwa madhara yanayofuata? Swali hili nililiona la darasani tu, mpaka nilipofanya kibarua cha kupima mashamba kwa droni huko Abuku, wilayani Koboko.

Tulikuwa wawili. Rubani, mtu wa makamo niliyemwita mzee, alishika rimoti, macho yake kwenye skrini. Mimi nilikuwa mwangalizi: kazi yangu ilikuwa kutazama juu. Hatukuwa tumelizunguka shamba kwa miguu kutafuta nyaya kabla ya kurusha. Kamera ilitazama chini, ikaonyesha mihogo na kijia; waya wa umeme uliokuwa mbele haikuuonyesha. Hata kwa macho waya ule ulipotea katika mwanga wa anga. Nilichoona ni nguzo mbili, na akili ndiyo iliyonichorea waya kati yake.

Nikasema, "Samahani mzee, naona kama kuna nguzo kule." Maneno yalikuwa ya kweli na ya adabu, ila yalikuwa marefu kuliko muda uliobaki. Panga moja liligusa waya, droni ikaanguka hatua chache kutoka kwa mama aliyekuwa akipalilia. Hakuumia. Alitutazama tu, kisha akaendelea na jembe lake.

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife, ndege ya KLM ilianza kukimbia ili iruke, huku ndege ya Pan Am ikiwa bado kwenye njia ileile. Fundi mitambo ndani ya KLM aliuliza kama Pan Am haijaondoka. Rubani mkuu akajibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Watu 583 walikufa. Fundi yule alisema, lakini alisema kwa swali, na swali humwachia mkubwa nafasi ya kulijibu na kuendelea.

Wenzangu wengine husema tuziache hizi adabu. Sikubali. Heshima kwa mzee ilikuwa deni la kweli. Lakini mama yule naye alinidai, na yeye hakuulizwa kama anataka droni juu ya kichwa chake. Deni lake lilitangulia. Hata hivyo simlaumu mdogo peke yake. Mkubwa ndiye awezaye kumpa mdogo ruhusa ya kumwamuru, tena aitoe droni ikiwa bado chini. (Kwetu West Nile wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya kambi ya jeshi, lugha ya amri. Amri hizo zilishuka tu, hazikupanda.)

Tulipopata mapanga mapya, mzee aliniambia nitamke neno "Simama!" kabla hajawasha.

"Simama, mzee," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Tena."