NANI AMEHAMISHA KIGODA?

Katika nyumba yenye mzee asiyeona, watoto hufundishwa mapema kwamba kigoda hakihamishwi ovyo. Mtungi hukaa katika pembe yake, fimbo husimama nyuma ya mlango, na jembe halilazwi njiani. Mzee yule aijua nyumba kwa hatua zake na kwa mikono yake. Akijikwaa, mtoto hawezi kujitetea akisema, "Sikumkusudia babu ubaya, nilikuwa nafagia." Ataulizwa tu, "Mbona hukumwambia?"

Twataka leo kupima kwa kipimo hicho jambo ambalo huenda wasomaji wetu wengi hawajapata kulifikiri, yaani michezo ya wasioona katika simu na kompyuta, na yale yaipatayo kila mara mfumo wa uendeshaji unapobadilishwa.

Asiyeona hutumia simu kwa msaada wa programu imsomeayo kwa sauti yaliyo kwenye kioo. Mwaka 2009 iPhone ilipewa VoiceOver, na Android ikapata TalkBack mwaka uo huo. Kwa kompyuta za Windows iko NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, ambaye baadaye aliungana na mwenzake asiyeona, James Teh, nayo hutolewa bure. Pamoja na programu hizo imekua michezo ya kusikiliza. Mmoja ni A Blind Legend, uliotolewa na Wafaransa mwaka 2015. Mchezaji huwa shujaa asiyeona, na binti yake humwongoza kwa sauti. Adui husikika kushoto au kulia, na upanga huelekezwa kwa kidole. Mchezo huo hauhitaji picha.

Walakini mchezo wa namna hiyo hukaa juu ya mfumo wa uendeshaji kama nyumba ikaavyo juu ya msingi, na msingi huo wamiliki wake huuchimbua kila mwaka. Mwezi Septemba 2017, Apple ilipotoa iOS 11, programu zote za kale za biti 32 zilikataliwa. Oktoba 2019 ikawa vivyo hivyo kwa kompyuta za Mac. Mwaka 2023, Android 14 ilianza kukataa kupokea programu zilizotungwa kwa kulenga Android 5.1 na zile za kabla yake. Zilizokwisha kuwamo katika simu ziliachwa. Lakini simu hiyo ikifa na nyingine ikanunuliwa, hazirudi tena. Pengine mchezo haukataliwi, ila huharibika kimyakimya: programu ya kusoma hunyakua mwendo wa kidole uliokuwa wa mchezo, au kitufe hupoteza jina lake, na sauti ikabaki kusema "kitufe, kitufe", bila kueleza ni cha nini.

Tumfikirie kijana asiyeona hapa Singida Mjini. Jioni wenzake huenda kutazama mpira, naye hukaa barazani na simu yake, vifaa vya kusikilizia vikiwa masikioni. Amejifunza mchezo wake kwa miezi mingi, hata njia zake zote azijua kwa moyo. Usiku simu yaachwa katika umeme, nayo yajibadilisha yenyewe. Asubuhi mchezo haufunguki. Aipeleka kwa fundi, na fundi aitazama na kusema, "Simu yako ni nzima kabisa." Kweli, kwa macho ya fundi ni nzima.

Mwenye macho akipoteza mchezo mmoja, hupata elfu nyingine. Asiyeona hana wingi huo. Michezo yake ni michache, na mara nyingi imetungwa na mtu mmoja au wawili, pengine kwa saa zao za mapumziko. Mtunzi akichoka au akifa, hapana wa kuitengeneza upya.

Labda msomaji atasema, "Huu ni mchezo tu, watu wana shida ya maji na mvua." Hatuzidharau shida hizo. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijiuliza katika Summa yake kama kukosa mchezo kwaweza kuwa kosa, akajibu kwamba ndiyo, tena alifundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili na yahitaji kupumzishwa. Tena Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wataja michezo na burudani katika ibara yake ya 30. Wazee wetu nao walilijua hilo bila mkataba. Ubao wa bao una mashimo 32 na kete 64, na asiyeona huweza kuzihesabu kwa vidole na kumshinda mwenye macho. Wala hapana afikaye usiku kuyahamisha mashimo yale.

Yafaa tuwatendee haki na watengenezaji. Hawabadilishi kwa upuuzi. Mfumo wa kale una matundu ambayo wezi hupitia, na siku hizi fedha za watu zimo katika simu. Tena misaada mingi ya wasioona ilikuja kwa mabadiliko hayo hayo. Hatuwezi basi kusema kwamba mfumo usibadilike kamwe. Hata nyumba ya mzee yule hukarabatiwa.

Swali ni hili: je, haki ya kutengeneza kilicho chako huondoa wajibu wako kwa yule uliyemkaribisha akae humo? Sisi twasema, la. Watengenezaji waliwaalika wasioona, wakawaambia simu hizi ni zao pia, wakapokea fedha zao. Aliyemwambia mwenzake "jenga hapa" hawezi kuchimbua mahali pale kana kwamba hapana mtu. Kutokusudia ubaya hakutoshi, maana mwenye nguvu hudaiwa pia yale aliyoweza kuyajua kama angaliuliza. Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo yampasa amwulize anayekilalia.

Wajibu huo hauzidi nguvu za mtu. Mwenye mfumo aujaribu pamoja na wasioona kabla ya kuutoa, si baadaye. Atangaze mapema na kwa maneno wazi ni nini kitakachokoma. Na pale iwezekanapo aache njia ya kuendesha programu za kale bila kufungulia wezi. Mtunzi wa mchezo, akiona hawezi kuendelea, aiache kazi yake wazi ili wengine waitengeneze. NVDA imedumu hivyo, kwa kuwa maandishi yake ya ndani yako wazi na wengi huyashughulikia.

Sisi tusiotengeneza mifumo tuna sehemu yetu pia. Mara ngapi twachukua simu ya ndugu asiyeona, twaona tangazo la toleo jipya, nasi twabonyeza "kubali" kwa niaba yake, tukidhani tumemsaidia! Tumsomee kwanza. Tumwambie yatakayobadilika, naye mwenyewe aamue kama atakubali leo, au atangoja apate habari kwa wenzake waliotangulia. Fundi wa simu mjini naye amwulize mteja wake, "Kuna kitu humu ambacho hutaki kipotee?" kabla hajagusa chochote.

Ni jambo dogo, nalo halina gharama. Mtoto anayefagia nyumba ya babu yake hulifanya kila asubuhi: huinua kigoda, hufagia chini yake, hukirudisha. Na ikiwa hakiwezi kurudi pale, humshika babu mkono na kumwonyesha kilipo sasa.