Meza na Punda wa Mefiboshethi

Wengi wetu tukimtaja Mefiboshethi tunaishia mezani. Tunakumbuka kwamba alikuwa mwana wa Yonathani, kwamba yaya wake alimwangusha akiwa na miaka mitano walipokuwa wakikimbia, na kwamba mfalme Daudi alimtoa Lo-debari akamketisha mezani pake kama mmoja wa wanawe. Nimeihubiri habari hiyo mara nyingi, hasa Jumapili za udiakonia, kabla ya sadaka kukusanywa.

Lakini habari yake haikuishia katika sura ya 9 ya Samweli wa Pili. Katika sura ya 16 Daudi anamkimbia Absalomu, na Siba, mtumishi wa Mefiboshethi, anamfuata njiani akiwa na punda waliotandikwa na chakula. Anasema bwana wake amebaki Yerusalemu akiutamani ufalme wa babu yake. Daudi anaamini palepale na kumpa Siba mali yote. Ndipo katika sura ya 19 Mefiboshethi mwenyewe anafika na kueleza: alitaka kupanda punda aende pamoja na mfalme, kwa kuwa ni kiwete, naye mtumishi akamwacha na kumsingizia.

Tazama ilivyokuwa. Mtu amekula katika meza ya mfalme kwa miaka mingi, hana njaa wala hana aibu ya nguo. Siku anapotaka kutoka nyumbani kwa miguu ya punda, hana wa kumtandikia. Na anaposemwa vibaya, aliyesema kwa niaba yake ndiye anayesikilizwa. Meza alikuwa nayo. Punda hakuwa naye, wala sauti.

Nami nauliza: tukimpa mtoto mwenye ulemavu chakula, nguo na huruma yetu, tumemaliza tunachodaiwa?

Nilipokuwa katika usharika mmoja wa milimani, niliitwa kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye mtindio wa ubongo. Alikuwa ameketishwa ndani ya beseni kubwa karibu na jiko, mto umewekwa nyuma ya mgongo. Alikuwa msafi. Alipendwa, hilo mtu yeyote angeliona. Uani palikuwa na kiti mwendo alicholetewa na wafadhili, kikubwa mno kwa mwili wake, na kuku walikuwa wamekigeuza kiota. Njia ya pale ni ya mteremko na mawe. Hata mtu mzima angekiogopa. Niliweka mikono kichwani pake nikamwombea uponyaji kwa sauti kubwa, kama nilivyozoea. Nilipomaliza, alisema jambo ambalo sikulielewa, kwa kuwa usemi wake ni mzito. Dada yake akacheka, akatafsiri: “Anauliza kama Mchungaji anajua mpira umekwisha ngapi.”

Watoto walikuwa wakicheza chandimu nyuma ya nyumba. Muda wote wa sala yangu, yeye alikuwa akisikiliza mechi.

Niliondoka nikiwa nimefedheheka kidogo, na hiyo fedheha imenifundisha kuliko baadhi ya vitabu vya chuo cha teolojia. Sisemi tusiombee uponyaji. Naomba hadi leo. Lakini nilikuwa nimeomba bila kumuuliza mtoto neno hata moja. Niliongea na mama yake juu yake, niliongea na Mungu juu yake. Daudi naye hakumwuliza Mefiboshethi.

Tunapojaribu kuelezana kwa nini tumsaidie mtoto kama huyu, mara nyingi tunasema: hujafa hujaumbika. Methali hiyo ina ukweli, ila naona ni msingi mwembamba. Inanitaka nimtendee mema kwa hofu ya yatakayonipata mimi kesho, kana kwamba yeye ni onyo lililowekwa njiani kwa faida yangu. Mtoto aliyebatizwa katika kisima kilekile nilichobatiziwa hahitaji sababu hiyo.

Wengine bado wanarudia swali la wanafunzi katika Yohana 9, ni nani aliyetenda dhambi. Bwana Yesu alikataa swali lenyewe. Na wauguzi watakueleza mambo ya kawaida kabisa: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali ya siku za kwanza yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo. Hakuna bibi wa kulaumiwa wala mizimu ya kutambikiwa. Siku hizi, kwa kuogopa kumwita mkosi, tumeanza kumwita malaika. Ni lugha ya upole, lakini nina wasiwasi nayo. Malaika haandikishwi darasa la kwanza. Malaika hatumwi kuchambua maharage, hakaripiwi akimpiga mdogo wake. Kijana yule alikuwa na hila zake na hasira zake, na kumnyima karipio ilikuwa kumnyima nafasi yake kati ya ndugu.

Shuleni mambo yalikuwa magumu kwa sababu za kawaida pia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya kusoma, lakini sheria haikujenga mteremko mahali pa ngazi tatu, wala haikupanua mlango wa choo. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na madarasa yaliyojaa, na aliniuliza kwa unyoofu nani atambebe mtoto kwenda chooni. Wapo watoto ambao shule za pekee zinawafaa zaidi. Kanisa letu lina shule ya viziwi kule Mwanga na ya wasioona kule Irente, Lushoto, na mtoto kiziwi anahitaji wenzake wa lugha ya alama kama anavyohitaji chakula. Huyu wetu alihitaji zege na watu wawili. Vijana wa kwaya walijenga mteremko kwa siku mbili. Mtu wa kumsaidia chooni ilituchukua karibu mwaka kumpata, na hapo niliona tofauti kati ya sadaka na zamu. Sadaka tulitoa kwa furaha. Zamu ilitushinda mara nyingi.

Na mama yake? Alikuwa ametandika punda peke yake kwa miaka kumi na mmoja. Sina haki, mimi mwenye mgongo mzima, ya kumwambia kwamba alimficha. Alipokataa mtoto asitolewe kwenda kucheza, alikuwa anayajua maneno ya watu kuliko mimi, na alijua kwamba akianguka ni yeye atakayekesha. Nilimwambia kwamba hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009 unautaja mchezo kuwa haki ya mtoto mwenye ulemavu. Akanijibu, “Baba Mchungaji, huo mkataba utakuja kumfulia?” Sikuwa na jibu. Kina mama wa umoja ndio walikuwa nalo: wakaanza kuja kwa zamu siku za kufua.

Fundi seremala wa mtaa alipunguza kiti kile, akaweka ubao wa kumshika kifua. Siku moja alasiri tulimpeleka uwanjani. Watoto walijadiliana muda mrefu kuliko wazee wa kanisa, wakaamua awe golikipa, goli lake liwe dogo kwa jiwe moja, na asifungwe kwa mashuti ya juu. Sheria hizo walizitunga wenyewe, pamoja naye, bila mimi.

Mpira wa tatu ulipita chini ya kiti. Mchezaji mmoja wa upande wake, mtoto mdogo mwenye kaptura iliyochanika, alimgeukia akamfokea kwamba amelala golini, na yeye akamjibu kwa maneno ambayo safari hii niliyaelewa yote, na ambayo siwezi kuyaandika katika kitabu cha kanisa. Mama yake aliinuka kwenda kumkanya yule mtoto. Alisimama kidogo, akawatazama wakibishana, kisha akakunja kanga yake akaketi tena kwenye nyasi.